Mkono wa Mshika Ritrakta

Wenzake walimwita Nanga, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Kazi yake katika chumba cha upasuaji ilikuwa moja: kushika ritrakta, chuma kipana kilichopinda ncha, kinachovuta nyama kando ili daktari auone mfupa. Msicheke. Kubadilisha nyonga si kung'oa jino. Daktari anapiga nyundo, anakata kwa msumeno, jasho linamtoka, na muda wote huo mshika ritrakta kasimama pale pale, shingo upande, kabanwa kati ya meza na bega la daktari, hata kidonda chenyewe hakioni. Anasikia tu: vuta, legeza, hapo hapo. Mkono ndio unaomwambia amevuta kiasi gani. Akizidisha, anaubana mshipa wa fahamu unaopita mbele ya nyonga, na goti la mtu linaweza lisinyooke tena.

Sasa mkono huo ulikuwa umeanza kumsaliti. Kwanza vidole viwili vilikufa ganzi, kisha vyote. Kikombe cha chai kilimbabua asijue, mpaka mkewe alipopiga kelele. Mkewe alimsihi aseme kazini, yeye akawa anampiga chenga, leo eti ni baridi, kesho eti ni uzee. Aseme, halafu iweje? Wamweke mapokezi agawe kadi? Nanga bwana, na kiburi chake!

Wakati huo huo nyonga ya dada yake ikawa imekwisha kabisa. Ndiye dada aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akimbeba mgongoni na yeye mwenyewe bado mtoto. Alikiogopa kisu vibaya mno, akamwambia daktari kwamba hapasuliwi mpaka mdogo wake awemo. Nanga angeweza kukataa. Angesema ndugu asimshike ndugu, na hakuna ambaye angemhoji. Badala yake alitabasamu, akapiga moyo konde, akaingia.

Akavuta. Kwa kuwa vidole havikusikia kitu, aliogopa chuma kisije kikateleza, akakiegemea kwa uzito wake wote. Daktari alisema legeza kidogo. Nanga alidhani amelegeza.

Kesho yake goti la dada halikunyooka. Daktari alibonyeza huku na kule, akasema labda mshipa umeshtuka, mara nyingine hurudi, mara nyingine haurudi, tuvute subira. Hakumtazama Nanga. Huenda hakuwaza lolote, lakini Nanga tangu siku hiyo chakula hakikupita.

Siku zikaenda, mguu ukabaki vilevile. Jioni moja alimkuta dada yake akimpa moyo mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akingoja kupasuliwa nyonga na machozi hayamkauki. Dada alikuwa amechangamka, anasimulia kana kwamba yeye ameshapona. Alipomwona Nanga mlangoni akamnyooshea kidole.

"Huyu hapa mdogo wangu. Mwombe akushikie yeye. Mimi nililala bila wasiwasi kwa sababu yake."

Yule mama alimtazama kwa macho ya kuomba. Hata hapo Nanga angeweza kucheka na kupita zake. Akakaa ukingoni mwa kitanda cha dada yake.

"Sitashika tena, dada. Vidole vyangu vimekufa. Mguu wako nimeuua mimi."

Jirani akajifanya anatafuta kitu chini ya mto.

"Ulijua kabla hujanishika?"

"Nilijua."

Dada hakumtukana, na afadhali angemtukana. Alitaka tu kumpa mgongo, augeukie ukuta asimwone. Akageuza kichwa, akageuza bega, mguu ukabaki ulipo. Akajaribu tena, akashindwa, jamani, mtu mzima yule analia kwa hasira. Mwishowe ikambidi amwombe huyo huyo.

"Nisogezee."

Nanga akauinua mguu kwa mikono miwili, asijue kama anaushika taratibu au anamwumiza, akaulaza upande wa ukutani.