Madoa kwenye Fulana za Afaf

Afaf alikuwa amechoshwa na printa, amechoshwa na wino, na zaidi ya yote amechoshwa na wale waliomuuzia. Katika kiduka chake cha kuchapa fulana pale Kuze, kila picha aliyoibandika kwa mashine ya joto ilitoka na madoa madogo ya mviringo, mahali ambapo rangi haikushika kabisa.

"Printa ndiyo mbovu," alisema muuzaji wa kwanza. Afaf akanunua nyingine. "Wino huo si wake," akasema wa pili. Akabadilisha wino. Wa tatu, huko Mbaraki, akamuuzia karatasi nzito za bei ya kukata maini, na madoa yakazidi.

Jumatano alikwenda dukani mapema, kwa kuwa timu ya mtaa ilitaka jezi zake kabla ya adhuhuri. Akamkuta mama yake amesimama mbele ya fulana zilizopangwa, chetezo kinafuka udi, mrashi mkononi, akizinyunyizia marashi moja moja huku akiomba dua.

"Mama! Wafanya nini?"

"Naiombea biashara yako baraka, mwanangu. Kila alfajiri naja."

Afaf akashika kichwa. "Mama, fulana ikiwa na majimaji wino haushiki! Miezi mitatu nabadilisha mashine, kumbe ni weye?"

"Mimi?" Mama alishangaa kwelikweli. "Hayo madoa hata mimi nimeyaona. Wadhani marashi nimeyazidisha kwa nini?"