Siafu Walionipa Unyapara

Alhamdulillahi, sifa zote ni zake Yeye aliyenisitiria aibu nyingi, na hii moja akaiacha wazi kwa hekima yake. Barazani nimeisimulia mara nyingi nikachekwa. Leo naiandika, nanyi chekeni, nimekwisha kuzoea.

Zama za Wadachi, yaani Wajerumani, nilikuwa kibarua katika shamba la minazi la kampuni moja kubwa, karibu na Utende, huku kwetu kisiwani. Mashamba yake yalienea hadi mrima, ng'ambo ya bahari, na wakubwa wake waliona heri kuwafunza wanyapara wapya kuliko kuwaokota popote. Nikachaguliwa nifunzwe. Mnyapara aliyekuwapo, Songoro, hakujua kuongoza ila kwa kiboko, na migongo ya wenzangu ilikuwa shahidi. Tukaambiwa atakuja bwana mkubwa kutoka Ulaya anitazame kazini. Nikishindwa, Songoro anabaki na kiboko chake.

Sasa mimi, uongozi niliokuwa nao ni wa msikitini tu (niliwasalisha vibarua adhuhuri, wakaniita Maalim), basi nikaamua jambo dogo, nikaona nimepata: nitasimama mbele niwape mgongo, wao wapange safu, na lolote nitakalofanya walifuate.

"Msiulize," niliwaambia. "Nikiinama, inameni."

Tukajizoeza kuinua majembe na kutua mizigo ya nazi kwa pamoja, na wallahi ilipendeza, hata Songoro akanuna.

Siku ikafika. Bwana mkubwa alikaa kitini, mkalimani ubavuni, Songoro nyuma yao na kiboko kwapani. Nikasimama mbele ya watu wangu na kanzu yangu ya Idi, kidevu juu, na sikutazama chini. Kumbe nimesimama juu ya njia ya siafu.

Wa kwanza aliniuma ugokoni, nikarusha teke, na nyuma yangu nikasikia mateke mengi. Wa pili alikuwa amekwisha kupanda (sitasema wapi, maana haya husomwa na watoto), nikajipiga paja, mapaja yakalia nyuma kama ngoma ya harusi. Nikatupa kofia, kofia zikaruka. Nikageuka nikawaona watu wazima, wengine wana wajukuu, nao wanageuka, nyuso zimekazwa kwa utii, nikataka kusema acheni lakini kilichonitoka ni mlio wa mbuzi, nao wakalia vivyo hivyo. Hapo nikakimbilia Ghuba ya Chole. Maji yalikuwa yamekupwa, bahari iko mbali, tukaukata ule upwa wa matope, mimi nimekusanya kanzu kiunoni na kundi zima nyuma limekusanya shuka zao, mpaka tukapata maji ya magotini, nikajitupa, wakajitupa.

Jirani yangu Hamadi akatema maji, akanambia taratibu, "Maalim, ungetwambia kuna kuoga, tungekuja na nguo za kubadili."

Tukarudi tukichuruzika. Songoro alicheka hata kiboko kikamdondoka. Nikamwambia mkalimani ukweli, kwamba nimeumwa na siafu, naye akaufikisha. Bwana mkubwa akauliza, "Na hawa wengine, nao wameumwa?"

Vibarua wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyeumwa.

"Basi si siafu," akasema.

Huo, alisema, ndio utii anaoutafuta kila siku asiupate. Akanipa unyapara palepale, kiboko kikaenda kutundikwa ofisini, na akaagiza zoezi lile lifundishwe wanyapara wote wa kampuni. Nasikia huko mrima, kwenye mashamba yaliyo mbali na pwani, walikuwa wakijitupa penye maji ya kunyweshea ng'ombe. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Jioni nikiwa msikitini nikakumbuka kwamba hata imamu akisahau, walio nyuma humwambia "Subhanallah" akarudi njiani. Watu wangu nilikuwa nimewafunza yote ila hilo. Asubuhi yake nikawaagiza: mkiniona napotea, semeni. Wamelisema sana tangu hapo, Hamadi kuwapita wote, mara nyingine hata sijafungua kinywa. Nami sijawapa watu mgongo tena kabla sijatazama ninapokanyaga.

Nawe usomaye, Mola akusafishie njia uipitayo, na akujaalie nyuma yako mtu asiyeona haya kukukumbusha. Amin.