Mkalimani wa Filamu ya Wajane

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu pale Otonglo, na kanisa letu likionyesha filamu za kujadiliwa, mkalimani ni mimi. Jumamosi moja ilikuja filamu ya Kiingereza kuhusu wajane kurithiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa mjane, na wazee wa ukoo walitaka shemeji yangu Ouma, ndugu wa marehemu mume wangu, anirithi awe mume wangu. Miezi minne nilikuwa sijawajibu.

Nilishika kipaza sauti, nikaanza vizuri. Lakini mjane wa kwenye filamu alipoanza kulia, nikaacha kumsikiliza. Yeye alisema sentensi moja, mimi nikatafsiri kumi.

"Namheshimu," nikasema, "lakini simtaki. Ouma ni kama ndugu yangu!"

Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, huyo Ouma ni wa filamu ama ni wetu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo Ouma mwenyewe akasimama kutoka benchi la nyuma, jasho likimtoka.

"Ni mimi," akasema. "Shemeji, hata mimi sitaki. Nimekuwa nikiogopa utadhani nimekutupa."

Nilicheka mbele ya kanisa zima, machozi yakinitiririka.