Herufi Ishirini za Bwana Mkasi

Shangazi yangu ni mtu wa kubishana hadi na mizani. Ikimwambia amenenepa, anaipima kwanza kwa pakiti ya sukari aone kama inasema kweli. Ndivyo alivyo na kila kitu, isipokuwa programu moja aliyoiandika mwenyewe miaka ishirini na miwili iliyopita kwa ajili ya masjala ya hospitali, ya kuandikisha wagonjwa na kutunza majibu ya vipimo vyao. Hiyo hataki iguswe. "Haijawahi kuanguka hata siku moja," husema, na kweli haikuwahi.

Mwaka huu hospitali iliamua kwamba kuanzia Jumatatu fulani wagonjwa wajiandikishe wenyewe kwa simu zao. Mkuu wa masjala akaita mkaguzi wa mifumo, na mkaguzi huyo, kwa bahati yangu mbaya, ni mimi. Nilifika Alhamisi asubuhi. Shangazi alinivutia kiti, akanimiminia chai, akaniambia nisikawie kwa sababu hakuna cha kukagua.

Kwenye nakala ya majaribio, mahali pa jina, niliandika herufi A arobaini mfululizo. Programu ikafa hapo hapo.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Nani anaitwa hivyo?"

"Hakuna, shangazi. Lakini kuanzia Jumatatu mtu yeyote anaweza kuandika hivyo."

"Imeanguka tu, nitaiinua. Kuanguka si kuibiwa."

"Usipoziba ufa..."

"Usinisomee methali nilizokufundisha mwenyewe."

Nilikasirika, nakiri. Nikachukua karatasi ya miraba nikamchorea kumbukumbu ya kompyuta: visanduku ishirini vya jina, na kando yake, bila hata ukuta, visanduku vinavyotunza maelekezo ya mahali programu inapopaswa kurudi ikishamaliza kupokea jina. Haya anayajua kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha, kwenye meza ya jikoni kwake, nikiwa bado na sare ya shule. Lakini nani huona kasoro za mwanawe? Programu yake haikuuliza jina lina urefu gani. Jina likizidi ishirini, herufi zinamwagikia kwa jirani na kuyafuta yale maelekezo. Ukizimwaga ovyo, programu inapotea njia na kufa. Ukizimwaga kwa hesabu, unaandika maelekezo yako wewe, nayo inakwenda unakotaka iende, bendera hufuata upepo.

Basi nikaanza kutunga "jina" la pili, nikilipanga herufi kwa herufi. Saa tisa alasiri nikaliingiza. Hatukuulizwa nywila. Yakafunguka majibu ya vipimo vya wagonjwa wote, mtu na ugonjwa wake, mstari kwa mstari. Shangazi akaigeuza skrini ukutani haraka, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mwenzake anavaa.

Akarudi kitini. Kisha akasema, "Miaka ishirini na miwili. Ina maana hakuna mgonjwa aliyewahi kuja na jina refu?"

Tukaenda kwenye kabati la fomu za zamani. Miaka yote hiyo aliyekaa dirishani kuandikisha watu alikuwa mume wake, aliyefariki mwaka jana, mtu mrefu na mpole ambaye hospitali nzima ilimwita Bwana Mkasi kwa jinsi alivyowakata watu majina. Sisi tulidhani ni uvivu. Hata mimi alinikata, nikamnunia wiki nzima. Karani aliyerithi kiti chake aliendelea kukata vilevile, akidhani ndiyo sheria ya ofisi. Sasa tukazishika fomu moja moja. Kila jina refu lilikuwa limepigwa mstari wa penseli likabaki herufi ishirini kamili, na nyuma ya fomu, kwa mwandiko wake mdogo, ameliandika lote lisije likapotea.

"Nilimwambia mimi," shangazi akasema. "Wiki ya kwanza. Nilimwambia asizidishe ishirini, kesho nitarekebisha." Akaketi juu ya katoni. "Hiyo kesho niliisahau."

"Na yeye hakukukumbusha?"

"Unamjua. Angeona ananisumbua."

Alilia kidogo, mimi nikalia kumzidi, maana nilimpenda yule mzee na sikuwahi kumwambia. Kisha akafuta miwani, akarudi mezani, akakataa msaada wangu. Ijumaa mchana alikuwa amemaliza. Jina limepewa nafasi ya herufi mia, na mbele yake imewekwa mistari miwili inayopima urefu kabla hata herufi moja haijaingia, likizidi linakataliwa. Nilijaribu ujanja wangu wote nikagonga mwamba. Juu ya mistari hiyo, pale waandishi wa programu wanapoachiana maelezo, alikuwa ameandika: "Kazi hii ilikuwa ya Bwana Mkasi."

Nilipotaka kutia saini ripoti ya ukaguzi, akasema, "Ngoja, bado jaribio moja."

Akatoa fomu ya mwisho ya mumewe, aliyoijaza mwenyewe siku ya kulazwa. Mgonjwa vile, bado alikuwa amejikata kwa penseli. Shangazi akaigeuza nyuma, akaliandika jina zima, herufi thelathini na moja, kidole kimoja kimoja, akabonyeza. Programu ikalipokea lote.