Neno la Siri la Baba

Juzi mfanyabiashara mmoja wa Butembo, kule Kongo, aliniletea kompyuta yake nimtengenezee, hapa kibandani kwangu Kasese, nyuma ya paki ya teksi. Nikaandika neno la kujaribu tu, "karibu", maana ndilo linalonijia kwanza siku zote. Kwenye kioo ikatoka "kqribu". Basi mwenzangu, nilikaa pale mdomo wazi, mteja akaniuliza kama ninaumwa.

Nikueleze. Ile kibodi ilikuwa ya kununuliwa huku Uganda, lakini kompyuta yenyewe bado ilifuata mpangilio wa Kifaransa, na Wafaransa A yao wameiweka pale sisi tulipo na Q, na Q yao pale penye A yetu. Kwa hiyo ukitazama kibodi na kubonyeza A, unapata Q. Si jambo geni, mtu wa kazi yangu hulirekebisha akiwa anapiga soga. Lakini "karibu" lilikuwa neno la siri la baba yangu, na siku ile ndipo nilipoelewa jinsi nyumba yetu ya Bwera, pale mpakani, ilivyovunjika. Sijalala vizuri tangu hapo, na hasira haijanitoka.

Bwera ya utoto wangu ilinuka kahawa. Tuliianika kwenye mikeka mbele ya nyumba, na kazi yetu watoto ilikuwa kuigeuza kwa miguu na kufukuza kuku, jua likituchoma utosini. Mama, ambaye ni Munande wa Butembo, alitwanga na kupika sombe, yale majani ya muhogo, akasonga obundu, ugali wa muhogo, na mchi wake ulisikika mpaka barabarani kwenye foleni ya malori ya Kongo. Baba alikuwa askari, mtu wa kaskazini, aliyekaa kambini Kasese na kuja nyumbani Jumamosi. Tulimjua kwa harufu ya kiwi ya buti kabla hajafika mlangoni. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu: kuja hapa, kaa chini, funga mdomo. Lakini hakuja mikono mitupu hata siku moja. Alituletea samaki wa ziwani Katunguru, wamefungwa kwenye gazeti, na kichwa cha samaki kilikuwa changu.

Kisha kukaja vita huko Kongo kwao mama, na kaka yake akavuka mpaka akiwa amefunga kompyuta ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Mjomba alikuwa mpiga picha. Maisha yake yote, harusi na ubatizo wa nusu ya mtaa wake, yalikuwa ndani ya lile sanduku. Kibodi yake ilinyeshewa njiani ikafa, akanunua nyingine Kasese, hiyo yenye herufi za huku. Haikumsumbua hata kidogo, kwa sababu hakuwa anaitazama. Vidole vyake vilikwenda mahali vilipozoea kwenda, akicharaza huku anatutania sisi, na maneno yalitoka sawasawa. Hilo lishike, kwa sababu ndilo linaloniuma.

Baba naye alikuwa na kompyuta yake kuukuu chumbani, pamoja na printa. Printa ilikataa kabisa kufanya kazi na ya mjomba, na mahali pa kuchomeka flashi kwenye ya mjomba palikuwa pamekufa. Mjomba akatafuta waya, akaupitisha chini ya pazia kutoka sebuleni mpaka chumbani, sisi tukawa tunauruka tukienda kulala. Akaziunganisha hizo mashine mbili, picha zikawa zinapita. Watu wakaanza kuja kuchapisha picha zao za pasipoti, mama akifurahi kuona nyumba imejaa lugha ya kwao.

Baba alifurahi kidogo, halafu akachoka. Jumamosi moja alikuta folda yake imejaa nyuso za watu asiowajua. "Hii ni kompyuta ya afande au ni soko?" Akaifunga kwa neno la siri. Atakayetaka kupitisha kitu amwombe yeye, atalipiga kwa mkono wake. Alilitoa wapi neno lenyewe? Juu ya kiti chetu kulikuwa na kitambaa alichofuma mama, kimeandikwa Karibu. Alilisoma pale, basi. Hayo aliniambia miaka mingi baadaye, macho yake yalipoharibika akawa ananituma mimi nimfungulie.

Wiki ile ile wachuuzi wakaleta habari kutoka ng'ambo: bibi, mama yao mama na mjomba, amefariki. Mama alianguka chini akajigaragaza kwenye kahawa. Njia ya Butembo ilikuwa haipitiki, kuzika hakwenda. Kilichobaki kilikuwa misa ya Jumapili pale kwetu, na kwetu misa ya namna hiyo lazima picha ya marehemu, ya karatasi, iwekwe mezani, watu wapate wa kumlilia. Picha ya bibi duniani ilikuwa moja tu, ndani ya kompyuta ya mjomba: bibi amejifunga kitenge, anacheka, jino moja la mbele halipo. Mama alikaa mbele ya kioo akiitazama, akipapasa kile kioo kwa kidole mpaka kikajaa alama.

Jumamosi baba akaja. Alimpa mama pole, akainama kwenye kompyuta ya mjomba, akatukazia jicho tugeuke, akapiga neno lake kwa kidole kimoja huku anaitazama kibodi. Likaonekana kama vidoti tu. Mashine ikajibu kwa Kifaransa kwamba hana ruhusa. Akarudia. Hana ruhusa. Mwalimu jirani akaitwa, akakagua waya, akakagua anwani za mashine zote mbili, akazima ulinzi wake. Akasema mashine zinaonana vizuri, kinachokataliwa ni neno la siri peke yake. Baba akaenda chumbani akalipiga kwenye kompyuta yake, ikafunguka mara moja. "Mmeona?"

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. "Kwako inafunguka, kwangu inakatala," akasema. "Basi uko na mbili, shemeki. Moya ya kweli na moya ya kutudanganya. Mama amekufa, na wewe unatuchezea?"

"Unaniita mwongo kwa nyumba yangu?"

"Sema ile neno kwa mudomo, niandike mimi."

Angelisema tu! Mjomba angelicharaza kwa vidole vyake vya Kifaransa bila kutazama, na lingeingia. Lakini kambini neno la siri halitajwi, hata mbele ya mke, na baba alishalelewa hivyo. Angeweza pia kuliondoa kabisa, dakika moja tu. Hakuliondoa, kwa sababu alishaitwa mwongo mbele ya mwalimu na wanawe, na kwa kuliondoa angeonekana amekubali. Kiburi bwana! Mama alimwomba kwa magoti. Baba akavaa buti zake akarudi Kasese bila kula.

Misa ilisomwa mbele ya meza tupu yenye kitambaa cheupe. Jumatatu mjomba akafunga kompyuta yake kwenye lile blanketi, akapanda boda boda mpaka daraja la mpakani, akavuka na vita vyote vile. Tukasikia yuko Beni, tukasikia yuko Goma, tukaacha kusikia. Waya ulibaki chini ya pazia mpaka panya wakautafuna. Mama aliendelea kumpikia baba, kumfulia, hata kumuuguza, lakini hakukaa naye tena barazani, na baba alipofariki, kilioni alilia vile watu wanavyolia kwa jirani. Siku hizi watoto wangu wanatumiana picha mia kwa simu kabla ya chai, na bibi yetu hana hata moja. Ule mwanya wa jino naukumbuka. Uso wenyewe umenitoka.

Jana nilikwenda Bwera. Nilimweleza mama polepole, nikamchorea kibodi mbili kwenye karatasi, A hapa, Q pale. Alinifanya nirudie. Nilidhani nimemletea faraja, jamani.

"Juu ya herufi moya?" akauliza.

"Moja tu, mama. Baba hakudanganya. Wala mjomba."

Alikunja ile karatasi, akainyoosha, akaikunja tena.

"Baba yako nilimuzika sijamusamehe," akasema. "Kaka yangu sijui kama iko muzima. Sura ya mama yangu ilishanipotea. Yote hii nilimubebesha mutu moya, nikaweza kulala. Sasa unaniambia hakukuwa muongo?" Akanirudishia karatasi yangu. "Ungeniachia tu muongo wangu. Yeye nilishamuzoea."