Ukumbi Usio na Mbele

Kwa miaka thelathini na moja Hirsi Abdullahi alichora ramani za majengo mjini Garissa, na madarasa karibu mia tatu aliyoyachora yalifanana yote: mlango mmoja, madirisha manne, ubao mbele. Zahanati nazo zilifanana. Alipoulizwa kazi yake alijibu, "Nanakili," kisha akaendelea na chai yake ya maziwa ya ngamia.

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu pale ilipoamuliwa kwamba ghala kuukuu la mawe karibu na soko ligeuzwe kuwa ukumbi wa ngoma na mashairi. Kuta za nje zingebaki. Ndani ungejengwa ukumbi mpya wa kubadilika: leo mashairi, kesho harusi, keshokutwa mashindano ya kusoma Kurani. Msanifu alikuwa Sagal Guleid, binti aliyekulia Islii, Nairobi. Hirsi akapewa kazi ya kumchorea.

Ramani ya kwanza ilikuwa na viti mia tano vilivyokazwa sakafuni, jukwaa la zege upande mmoja, na pazia la kutenga wanawake na wanaume. Hirsi alichora alivyoambiwa.

Jioni moja dada yake, Ruqiya, alikuta karatasi imetandazwa mezani. Ruqiya huongoza buraanbur, mashairi ambayo wanawake huimba kwa ngoma kwenye harusi.

"Aboowe, kaka yangu, sisi tutasimama wapi?"

"Hapa, jukwaani."

"Na wenzetu watuitikie wakiwa wamebanwa vitini? Anayeimba hukaa katikati, wengine wanamzunguka, na anayetaka kucheza anaingia. Hapa mmetuchorea darasa."

Neno hilo lilimchoma. Harusini kwa wanawake asingeweza kuingia, basi akampa Ruqiya futi ya kupimia. Dada mtu akarudi na jibu: duara lilikuwa la mita tisa, na wanawake walipochangamka likafika kumi na moja. Hirsi mwenyewe alikwenda ghalani, akasimama peke yake, akapiga makofi. Mawe yaliirudisha sauti mara mbili. Ngoma ingestahimili, ila shairi la mtu mmoja asiye na ngoma lingepotea maneno.

Akachora upya, bila kutumwa na mtu. Sakafu tambarare. Mabenchi ya kupangwa na kupanguliwa. Jukwaa la vipande vya mbao vyenye magurudumu. Badala ya pazia, kuta za mbao za kusukuma, upande mmoja zimevikwa sufi ya kumeza mwangwi, upande wa pili mbao tupu. Reli alizining'iniza juu, kwenye kuta kuukuu za mawe, kwa sababu za chini zingezibwa na vumbi kabla mwezi haujaisha.

Sagal aliikagua ile ramani kwa muda.

"Adeer," akamwita kwa heshima kama ami yake, "wageni rasmi watakaa wapi?"

"Watakapowekwa."

"Na mbele ni wapi?"

"Inategemea anayesema siku hiyo ni nani."

Sagal aliichukua karatasi. Akaikunja, akasafiri nayo Nairobi. Baada ya wiki mbili alirudi na hesabu: kuta zile zilikuwa nzito mno, zingeangusha mawe ya zamani. Hirsi alikuwa amekosea. Sagal akaongeza nguzo nane za chuma, na kwa nguzo hizo wazo likasimama.

Si lote lililojengwa. Kamati ya ujenzi ilipunguza kuta za kusukuma zikabaki upande mmoja tu, na ikashikilia kwamba lazima jukwaa liwepo. Likawepo, la magurudumu, la kusukumwa na watu sita.

Siku ya ufunguzi hotuba zilikwenda mpaka adhuhuri. Hirsi alikaa safu ya nyuma. Hakutajwa, na wala hakuwa ametarajia kutajwa. Siku ya pili ukumbi ulikuwa wa wanawake. Alisimama nje karibu na lango, akasikia ngoma kwa mbali sana, kama inapigwa mtaa mwingine. Kuta za kusukuma zilikuwa zikifanya kazi.

Ruqiya alipotoka, jasho likimtiririka, Hirsi akamuuliza, "Sauti vipi?"

"Alhamdulillahi, kila neno lilisikika. Lakini hamkuweka mahali pa viatu. Viatu mia nne mlangoni, aboowe, nusura nianguke."

Jumatatu asubuhi Hirsi aliketi mezani kwake ofisini, akachora rafu ya viatu. Hakuwahi kuchora rafu ya aina hiyo, na ilimchukua siku nzima.