Shati Lililobaki kwa Mpiga Picha

Nimerudi Nchelenge baada ya kuzunguka miji mingi, na kila asubuhi naenda kazini kwa baiskeli kama zamani. Shati nalikunja kwa namna ileile: mikono ndani, kola juu, karatasi ya gazeti katikati. Nimesahau majina ya mitaa niliyokaa, hata sura za baadhi ya mabosi, lakini kukunja shati sijasahau.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu nilipopata ukarani katika ushirika mdogo wa wavuvi. Siku ya kuomba kazi niliulizwa kama ninakaa karibu. Nikasema ndiyo. Kweli ni kwamba nilikaa katika makazi ya wakimbizi, mwendo wa saa moja na nusu kwa kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli sisi tuliotoka ng'ambo ya ziwa. Uongo ule niliusema kwa neno moja, kisha nikalazimika kuubeba kwenye keria kila siku.

Nilikuwa na shati moja jeupe. Kifungo cha pili kutoka shingoni kilikuwa cha buluu, kwa sababu kile cha asili kilipotea na mama akashona kingine, alichokitoa kwenye gauni la dada yangu. Kiangazi njia ilikuwa vumbi jekundu. Masika ilikuwa matope. Karibu na ziwa nilipita kati ya chisense walioanikwa mchangani, dagaa wale wa kwetu ambao harufu yao haiombi ruhusa kuingia kwenye nguo. Wiki ya kwanza nilivaa shati njiani. Mkuu wetu, mama mmoja mnyamavu aliyetoka Ndola, alinusa mara moja. Alisimama tu, akafungua dirisha.

Baada ya hapo niliendesha kwa singileti na kaptula, ndala za patapata miguuni. Viatu na suruali nyeusi nilivifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Shati nililikunja kwa gazeti nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, bado likafika limejikunja kama limelaliwa. Hapo ndipo mpiga picha wa karibu na soko aliponionea huruma. Alikuwa na chumba cha mbao, kiti kimoja, na pazia lililochorwa ndege ikiruka juu ya maua.

"Yaya, acha shati hapa," alisema. Yaya ni kaka mkubwa, na kweli nilimzidi kidogo. "Kuna musumari nyuma ya pazia. Unakuja, unanawa, unavaa. Jioni unaitundika, unarudi kwako na singileti. Nani atajua?"

Ikawa hivyo. Mimi nilimletea mihogo, yeye alinipigia pasi ya makaa kila Jumatatu alfajiri. Saa mbili kasoro niliingia ofisini mkavu, mweupe, kama mtu aliyeamka nyumba ya pili. Kitu kimoja tu kilinisumbua: Jumatatu kola ilikuwa na mafuta ya nywele ambayo mimi sikupaka. Nilidhani ni pasi.

Kisha ikafika Februari. Ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaane, na lingefunguliwa Machi. Mvuvi asiye na kadi yetu asingeweza kwenda majini na mitumbwi ya ushirika. Kila mmoja alitakiwa kuleta fomu na picha mbili. Filamu za mpiga picha zilikwenda kusafishwa Mansa kwa basi dogo, na picha zilirudi zote kwa pamoja, kwa hiyo Ijumaa moja zikaja za watu kumi na moja kwa mpigo.

Mama, yule mkuu wetu, aliniita. Alikuwa amezipanga mezani, moja ya kila mtu, kama karata.

"Karani, unaona nini hapa?"

"Wavuvi, Mama."

"Mimi naona shati." Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilifika. "Watu kumi na moja, shati moja. Ona kifungo."

Nikaona. Buluu, kumi na moja.

"Mutu mumoja amevaa sura kumi na moja?" akauliza. Kisha akanyoosha kalamu hadi karibu iguse kifua changu. "Na hii?"

Nikatazama chini kana kwamba sijui nimevaa nini. Alifikiri nimebuni wanachama ili nipate kadi za kuuza. Ningemlaumu vipi? Kujitetea ilibidi nianze na uongo wangu wa kwanza. Nikasema sikai karibu, nakaa kambi ya wakimbizi. Nikasema nabadilisha nguo kwa mpiga picha, na shati hulala kwake.

"Kesho tutaenda mimi na wewe," alisema. "Kama ni hadithi, Jumatatu usije. Na kadi hizi hazitoki."

Jumamosi ilinyesha tangu alfajiri. Njiani niliwafikiria wale kumi na mmoja, ambao wangekaa ufukweni wakitazama wenzao wakisukuma mitumbwi kwa sababu ya shati langu. Nilifika nina matope hadi mapajani. Mama alikuwa ananingoja mlangoni kwa mpiga picha, chini ya mwavuli. Alikuwa hajawahi kuniona hivyo, na shati la kujisitiri lilikuwa ndani.

Ndani lilikuwa limevaliwa. Mvuvi mnene alikaa kwenye kiti, shati langu likimbana tumboni, chini ana kaptula ya kuvulia samaki na miguu mitupu.

"Kidevu juu, tata," mpiga picha alikuwa akimwambia; tata ni baba. "Usicheke. Ofisi haipendi meno."

Mvuvi alipomwona Mama akataka kusimama.

"Kaa," Mama alisema. "Maliza picha."

Tukangoja. Mwanga wa kamera ulipopita, mpiga picha akanigeukia mimi, si Mama.

"Yaya, sikuiba. Haikutoka hata mulango hii. Watu wanakuja na singileti zimetoboka, na ofisi inataka kola."

"Nani alisema ofisi inataka kola?" Mama akauliza.

"Tangazo iko kwenye mulango yenu, Mama. Mwandiko ni ya yaya."

Ilikuwa kweli. Niliandika mimi, Mama akinisomea maneno: mwombaji avae shati lenye kola. Mama alifunga mwavuli. Halafu akatazama miguu yangu, polepole, toka juu hadi kwenye patapata.

"Unatoka kambini hivi kila siku?"

"Kila siku, Mama."

"Na mvua?"

"Na mvua."

"Jumatatu tafuta musumari," alisema. "Utundike vitu vyako stoo."

Jumatatu alitia sahihi kadi kumi na moja, ya kumi na mbili ikangoja picha za yule mvuvi mnene, na ule mstari wa kola akaukata mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Nikapata msumari wangu. Nilitundika taulo na kaptula. Shati lilibaki kwa mpiga picha, nikilichukua asubuhi na kulirudisha jioni, maana wazee hawakuamini kwamba kola haitakiwi tena. Miguu iliponiwasha kuhama, niliondoka bila shati, na bila kifungo alichoshona mama yangu.

Sasa pale kwa mpiga picha wanauza simu. Juzi jioni, nikitoka kazini, nilinunua samaki kwa mzee mmoja ufukweni. Alipotafuta chenji, kadi ya zamani iliyofungwa nailoni ilianguka mchangani. Nikaiokota. Uso ulikuwa umefifia sana. Kifungo cha buluu kilionekana vizuri.

"Shati nzuri," nilisema.

"Siku zile nilikuwa na mashati," alijibu, akiirudisha mfukoni.

Nikamwambia lilimkaa vizuri. Kisha nikafunga samaki kwenye keria, na mfuko wa shati nikautundika mbele kwenye usukani, mbali nao.